Bi Wino na Nyayo za Ukutani

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, hakuna upepo, mawingu yameshuka hadi kwenye paa la jengo la pili. Saa nane mchana taa za korido zilikuwa zinawaka kama vile ni magharibi.

Naandika habari za siku hiyo kutoka kwenye daftari langu, pamoja na yale ninayoyajua kuhusu mwanamke ambaye kliniki nzima ya ngozi ilimwita Bi Wino. Mimi ni karani wa masjala. Dirisha langu linatazamana na mlango wa chumba chake, na kwa miaka kumi kadi alizozijaza yeye ndizo nilizozipanga mimi.

Kazi yake ilikuwa kuchora madoa. Watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, saratani ya ngozi inayoitwa melanoma ikiwapata, mara nyingi haianzii mgongoni wala usoni. Huanzia kwenye unyayo, kwenye kiganja, au chini ya ukucha, mahali ambapo mtu hana haja ya kupatazama. Basi mgonjwa akija na doa la unyayoni, Bi Wino alimlaza kitandani, akaweka karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga juu ya unyayo, akafuata kwa kalamu ukingo wa mguu, vidole, mikunjo mikubwa, na mwisho doa lenyewe. Miezi mitatu baadaye mgonjwa alirudi na karatasi ile ile ikalazwa tena. Doa likiwa bado limekaa ndani ya mstari wake, mgonjwa alirudi nyumbani. Likiwa limetoka nje, daktari aliitwa.

Zamani alikuwa mchora ramani za viwanja katika ofisi ya upimaji ardhi, mpaka kompyuta zilipoingia na meza yake ikatolewa nje uani. Kuhusu hilo alikuwa na utani wake. "Kiwanja au unyayo, shoga, kazi yangu ni moja tu. Kujua nani amevuka mpaka." Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vya bluu siku zote, hata siku ya harusi ya binti yake.

Wagonjwa walimpenda. Mzee mmoja aliona haya kuvua soksi, yeye akamwambia, "Vua, baba, hapa hatunusi, tunaangalia." Lakini alipoinama na lenzi yake yenye taa alinyamaza, na wagonjwa wa siku nyingi walijua kuwa asipotania baada ya kuinuka, kuna jambo.

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Ukuta mmoja mzima aliubandika karatasi za kufundishia, nyayo kumi na saba kwa ukubwa wake halisi, baadhi zina madoa mabaya na baadhi yasiyo na madhara, na nyuma ya kila moja karatasi nyeupe ili mstari uonekane. Sijui watu wengine waliona nini. Mimi, kila nilipoingia ghafla, niliona watu kumi na saba wamesimama upande wa pili wa ukuta, wameukanyaga kama sakafu, na sisi tuko chini yao. Msimu wa mvua plastiki zilijikunja. Feni ikigeuka upande ule, kisigino kimoja kinainuka, halafu cha jirani yake, halafu vinashuka. Mama anayefanya usafi alifagia chumba kile akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kwa sababu hakutaka kuupa ukuta mgongo.

Karatasi ya katikati ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote. Chini yake iliandikwa kwa herufi nyekundu: HALINA MADHARA. Doa lenyewe lilikuwa karibu na uvungu wa mguu wa kushoto, la mviringo, milimita nne, rangi moja, kingo laini. Lilikuwa kila kitu ambacho doa jema linapaswa kuwa. Sisi watumishi wachache tu tulijua kwamba mguu ule ulikuwa wa Bi Wino mwenyewe. Juma lake la kwanza kazini, daktari aliyemfundisha alimwambia ajichore, kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa asubuhi ile.

Kuna jambo moja niliandika kwenye daftari Novemba iliyotangulia, na sikujua nililiandikia nini. "Nov. 20. Nani anamsindikiza B.W. asubuhi? Nimesikia wawili, nimemwona mmoja." Anayekaa masjala huwajua watu kwa mwendo kabla hajawaona. Mwendo wa Bi Wino ulikuwa mkavu na wa haraka. Tangu Novemba ile ukawa na mwenzake: hatua moja ngumu, na nyuma yake kidogo hatua nyingine laini, kama mtu aliyevaa soksi anamfuata. Mara mbili nilitoa kichwa dirishani. Korido ilikuwa na yeye peke yake. Sikumwuliza. Utamwulizaje mtu mzima anatembea na nani wakati yuko peke yake?

Jumanne hiyo, saa saba na nusu, aliingia mkunga mstaafu mwenye fimbo, mama aliyezalisha nusu ya watumishi wa hospitali yetu na asiyekubali kuambiwa kitu na mtu aliyemkata kitovu. Mlango ulibaki wazi kwa sababu ya joto. Nilisikia yote.

"Bibi, lako zuri kabisa," Bi Wino alimwambia. "Dogo, la mviringo, na wino umekaa palepale lilipokaa. Ni kama hili la ukutani. Liangalie mwenyewe."

Fimbo iligonga ukuta. "Hili?"

"Hilo hilo."

"Mwenye mguu huu ni nani?"

"Mtu tu, bibi. Mzima wa afya."

"Yuko hai?"

Bi Wino akacheka. "Yuko hai sana. Juzi kala sahani mbili."

"Umemwangalia lini?"

"Namwangalia kila siku."

"Mwanangu, mimi nimeshika matumbo ya watu miaka arobaini. Sikuuliza karatasi. Nimeuliza mguu. Umeuangalia lini?"

Nilisikia feni, kisha plastiki ikigonga ukuta polepole, kisha fimbo ya mkunga ikitoka. "Haya, naenda," alisema mlangoni. "Msalimie mwenye mguu."

Muda mfupi baadaye Bi Wino alisimama dirishani kwangu. "Shoga, nipe kadi yangu."

Kila mtumishi wa kliniki ya ngozi ana kadi yake. Mara moja kwa mwaka anajichunguza mwili mzima na kujaza safu zote, viganja, kucha, mgongo, nyayo. Nilimpa. Akaisoma kwa sauti, akianzia mwaka wa kwanza, kwenye safu ya nyayo.

"Doa moja, mguu wa kushoto, milimita nne, mviringo, kahawia. Tazama ukutani." Akashusha kidole. "Kama ukutani. Kama ukutani. Kama ukutani." Mpaka hapo alikuwa anacheka. Kwenye jibu la tano sauti ilipungua. Yalikuwa tisa, yote yana mwandiko mmoja, yote yamenyooka kama ramani.

"Huu mwandiko ni wangu?"

"Wa nani tena?"

"Maana, shoga, sikumbuki kuvua kiatu hata mara moja."

Tuliingia chumbani kwake tukafunga mlango. Aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi, akavua kiatu cha kushoto. Ndani yake kulikuwa na tabaka tatu za ngozi laini zilizoshonwa kwa mkono. Mume wake ni fundi viatu, na watu wote humwita Fundi, hata mkewe.

"Kilikuwa kinanichoma tangu mwaka jana," alisema. "Fundi akasema ni msumari. Akaweka ngozi. Kikachoma tena, akaongeza."

Hapo nikaelewa ile hatua laini ya koridoni. Kuelewa hakukunipa nafuu.

Alijaribu kwanza kwa kioo. Lakini kioo kinapindua mambo, kushoto kunakuwa kulia, na kila alipopeleka kidole kwenye doa kidole kilikwenda upande mwingine, kama mguu ule ni wa mtu anayekwepa. Akakiweka chini. "Iteremshe ile ya katikati," akaniambia. "Ilaze wewe."

Niliibandua. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa safi, mstatili mweupe ambao haukuwa umeonekana kwa miaka kumi. Nikailaza karatasi kwenye unyayo wake. Vidole viliingia kila kimoja kwenye nafasi yake. Kisigino kikaingia. Mikunjo ikakaa kwenye mistari yake. Mguu ulirudi mahali pake kama mtu aliyetoka kidogo na sasa amerudi nyumbani. Ila katikati, mstari wa doa ulikuwa kaduara kadogo kama punje ya dengu, na weusi ulikuwa umetoka nje yake pande zote, na upande wa kidole cha mwisho ulikuwa umekwenda mbali zaidi, kama maji yaliyopata njia.

"Limetoka nje, dada."

"Geuza karatasi," alisema. "Labda niliibandika kinyume."

Niligeuza. Kidole gumba kikaangukia kwenye kidole cha mwisho.

"Haikai, dada."

"Geuza tena."

Niligeuza tena. Ikakaa kama mwanzo.

"Plastiki husinyaa. Miaka kumi ukutani, joto, feni..."

"Ingesinyaa na vidole."

Akavuta pumzi. "Ndiyo," akasema. "Ingesinyaa na vidole."

Niliona amerudi kuwa mchora ramani. Alinyoosha mgongo, akanipa kalamu ya wino wa bluu, akaniambia nipake juu ya doa na pembeni yake, nisubiri kidogo, kisha nifute kwa pamba kavu. Nilikuwa nimemwona akiwafanyia wengine mara elfu. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji, kama shamba lililolimwa. Ukifuta, wino unabaki kwenye mifereji tu. Kisha unatazama kwa lenzi. Rangi ya doa ikiwa imelala na wino mferejini, mara nyingi ni doa jema. Rangi ikiwa juu ya matuta, kati ya mistari ya wino, hapo ndipo yeye alipokuwa anaacha mzaha.

"Niambie unachokiona," alisema. "Usiniambie unachokijua, maana hujui kitu."

"Asante sana."

"Haya, tazama."

Niliweka jicho kwenye lenzi. Taa yake ndogo ilikuwa ya moto karibu na shavu langu. Ndani ya lenzi mguu haukuwa mguu tena. Ulikuwa nchi kubwa isiyo na mtu, yenye mistari myembamba ya bluu iliyokwenda sambamba mpaka mwisho wa macho.

"Naona mistari ya bluu."

"Kahawia iko wapi? Juu ya bluu au kati ya bluu?"

Nilisogeza lenzi. "Kuna nukta nyeupe, kama chumvi, zimejipanga."

"Hayo ni matundu ya jasho. Hukaa juu ya matuta. Yako ndani ya kahawia, au nje yake?"

"Ndani."

"Angalia tena."

"Yako ndani, dada. Kahawia iko kati ya bluu. Mapana yake ni mapana ya tuta."

"Angalia tena, shoga."

Niliangalia mara ya tatu, si kwa sababu nilikuwa na shaka. Upande mmoja weusi ulikuwa mzito kama lami. Upande wa pili ulikuwa wa kijivu, rangi ya majivu ya jana, na palikuwa na sehemu ambapo rangi ilififia kabisa, kama kitu kilichopita hapo kimeondoka na kuacha alama ya kupita kwake. Feni ikageuka. Juu ya vichwa vyetu wale kumi na sita waliobaki waliinua visigino mmoja baada ya mwingine, wakavishusha. Nilihisi kwa dakika moja kwamba hawakuwa wametulia hata siku moja. Walikuwa wanapisha njia.

"Mchoro haukukosea," alisema Bi Wino taratibu, macho yake kwenye ule mstatili mweupe. "Mguu ndio umeuacha. Nami nilikuwa nauangalia mchoro."

Kisha akaanza kujitetea, na hilo lilinitisha kuliko doa. Alisema atajichora upya leo, alinganishe mwezi wa saba. Alisema miezi mitatu si mingi.

"Mgonjwa akikuambia hivyo unamjibuje?"

"Mimi si mgonjwa."

"Na huo mguu?"

"Usinichoshe!" Akanirushia kadi yake mapajani. "Jaza wewe ya mwaka huu. Andika kama ukutani."

Nilishika kalamu. Sikutaka kumkosea heshima, yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne na alinipokea kazini. Nilitazama ukuta.

"Ukutani hakuna kitu, dada."

Alitazama na yeye. Mvua ilikuwa imezidi kidogo, tuliisikia kwenye bomba la uani.

"Leta rula," akasema.

Nilipima, yeye akasoma namba kutoka kwangu. Milimita kumi na moja kwa saba. Nikaandika. Akanyoosha shingo kuangalia.

"Umesahau kingo. Kingo: si sawa. Rangi?"

"Nyeusi na kahawia."

"Na majivu. Umesema majivu. Andika tatu. Mahali: juu ya matuta. Mabadiliko: ndiyo." Aliniendesha hivyo mpaka safu ya mwisho, ile ya hatua inayochukuliwa. Akachukua kadi, akaitia kwenye mkoba wake na safu ile ikiwa tupu. Daktari wetu huja Jumatano na Ijumaa asubuhi tu. Bi Wino ndiye angeamua kama atakuwa kwenye foleni, na doa lile halikuwa la kungoja mwezi wa saba. Sote wawili tulijua hivyo.

Saa kumi Fundi alimfuata na mwavuli, kama afanyavyo siku za mvua. Alimkuta ameketi kwenye benchi la korido, kiatu mkononi. Alidhani kimeachana soli.

"Kimekufa tena?"

"Hapana. Keti hapa, Fundi."

Alimwonyesha unyayo pale pale koridoni, mbele yangu. Fundi alipiga magoti. Ni mtu mkubwa, mwenye mikono ya gundi na uzi. Alitazama kwa muda mrefu, akachukua kile kiatu, akaingiza mkono mpaka ncha, akapapasa ndani, polepole, kama anavyopapasa kipofu.

"Nimekifumua mara nne," alisema. "Kila Jumapili natia mkono humu kutafuta ule msumari. Nikasema, lazima upo, maana kuna kitu kinamchoma mke wangu. Na kila mara kiatu kitupu."

"Najua."

"Mbona hukunionyesha mguu?"

"Wewe ungeangalia kiatu tu."

"Na wewe unaangalia nyayo za watu wote wa mji huu!"

"Ndiyo, baba watoto. Za watu wote."

Hakumgombeza zaidi. Alimvisha kiatu mwenyewe, akafunga kamba, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja. Nilifunga chumba chake. Niliiacha ile karatasi juu ya kitanda, maana sikujua ni ya kurudishwa wapi.

Jumatano asubuhi manyunyu yalikuwa yamekatika. Nilifika saa kumi na mbili na nusu, na alikuwa tayari getini, wa nne kwenye mstari, amevaa gauni la nyumbani bila koti la kazi. Nilitaka kumpa namba moja. Akakataa. "Usinipendelee. Wa kwanza ana mtoto mgongoni." Alipofika dirishani alinipa kadi yake kama mgonjwa yeyote, na safu ya mwisho ilikuwa imejazwa, mwandiko umenyooka: Kukatwa lote. Maabara.

Daktari ni kijana, na ni Bi Wino aliyemfundisha kupaka wino na kufuta. Alipomwona ameketi upande wa wagonjwa alitabasamu. "Mama, leo umeniletea karatasi ya nani?"

"Leo sichori, daktari. Angalia mguu."

Akaangalia. Tabasamu lilikwisha kabla hajashusha lenzi. Alimbonyeza kinenani kutafuta uvimbe, akamwuliza maswali yale yale ambayo Bi Wino amewauliza wengine miaka kumi, naye akajibu yote bila kupunguza: tangu lini, linauma, limewahi kutoa damu. Alipofika kwenye "mara ya mwisho kuangaliwa lini", alisema, "Miaka kumi."

Daktari alimweleza kwamba maabara itachukua siku kumi, na kwamba kabla ya hapo hatamdanganya kwa lolote, zuri au baya. Bi Wino alisema hiyo ndiyo namna anayoitaka. Akatia saini. Akapanda kitandani, akalala kifudifudi, akaweka shavu juu ya vidole vyake vya bluu, akautokeza mguu wa kushoto nje ya godoro mpaka chini ya taa, na sindano ya ganzi ilipoingia hakuuvuta.